Mbao Tatu za Lori

Mutsamudu, 6 Februari 1988

Dada Saandia,

Ikukute hii u mzima, wewe na Oumi na wote wa hapo nyumbani. Huku tunapumua. Rahmati kang'oa lile jino lake, sasa anakula na kulalamika kwa pamoja. Binti yetu Hayati bado kidogo amalize mafunzo ya ukunga, na tayari anatuamrisha kunawa mikono kama watoto wa chuoni. Za shemeji Baba Oumi hatujapata neno, si bandarini wala msikitini. Nauliza kwa adabu, najibiwa kwa adabu, maana yake hakuna.

Nakuandikia Kiswahili chetu cha Unguja makusudi. Bahasha ikifunguliwa njiani, aliyeifungua aumwe kichwa kwanza.

Sasa sikia. Nimepata lori. Si la kukodi, si la ubia: langu. Ni GMC la Wamarekani, la vita vile vikubwa, magurudumu kumi, silinda sita. Wafaransa walilitumia Bukini, huko Madagaska, wakalileta huko kwenu, likarithiwa jeshi kwa jeshi, mpaka likaangukia mikononi mwa wale Wazungu wa kukodiwa waliotushukia mwaka wa sabini na nane. Walipolichoka wakalileta huku libebe mawe ya bandari, likafa. Likalazwa nyuma ya ghala, mbuzi wanazalia chini yake. Mkandarasi mmoja nilimtengenezea winchi, akaniuliza nataka nini. Nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka mpaka akakohoa: "Ule mzoga? Chukua, utaniondolea uchafu."

Tumelivuta kwa kamba, wapagazi ishirini wa bandarini, mpaka kwangu huku nje ya mji upande wa Mirontsy. Lango la ua lina upana wa mita mbili. Lori lina mbili na robo. Ikabidi kubomoa ukuta. Nyumba ni ya Rahmati, kajengewa na babake kama desturi ya huku, mimi mume ni mgeni asiyeondoka. Alisimama pale na mikono kiunoni: "Bomoa. Ila ukuta usiporudi kabla ya Idi, utalala ndani ya hilo gari lako." Majirani nao: "Idarousse, unafuga kifaru?"

Wacheke. Tangu tulipohama Unguja na sanduku moja la spana, watu hapa wananiita Mzanzibari. Wao wanahesabu mababu, mimi nahesabu spana. Lori hili likifufuka litabeba tani mbili na nusu za karafuu kutoka Domoni kwa safari moja, na hakuna mwenye ukoo wala cheo atakayenifikia.

Ombi langu: sakafu ya bodi ni mbao ngumu za asili, ila tatu za katikati si zake. Mtu kaweka za muembe, zimeliwa na wadudu. Nataka mbao tatu, urefu mita tatu na nusu, upana sentimita ishirini. Hapo sokoni Volo Volo unamjua kila mtu.

Ndugu yako,
Idarousse

*

Moroni, 25 Februari 1988

Idarousse mdogo wangu,

Barua imefika kwa mkono wa yule mama wa Mirontsy anayeleta mikeka. Oumi alikohoa wiki nzima, sasa ametulia. Mpe Rahmati pole ya jino na pole ya ukuta. Pole ya mume nitampa mwenyewe tukionana.

Nimeisoma, nikakaa chini, nikaisoma tena. Lori la jeshi? La wale? Ndani ya ua, unapolala na mkeo na bintiyo? Umepigwa na jua wewe? Machi ile ya themanini na tano walipokuja kumchukua Baba Oumi hapa mlangoni walipanda nini, punda? Mtu wa posta, kosa lake kupeleka simu za maandishi za watu. Na posta ipo kwa kazi gani kama si hiyo? Askari waliasi kambini, wakakamatwa waasi, wakakamatwa waliowajua waasi, kisha wakakamatwa waliowapelekea simu. Mpaka leo likipita lori barabara ya sokoni najifunika vitambaa masikioni, wateja wanadhani nawapimia.

Na wewe unaniandikia habari za silinda sita!

Mbao nitakutafutia. Si kwa ajili ya lori. Nakujua: nisipokutafutia utang'oa mlango wa mtoto wa watu.

Jingine: mjomba Mzé alikuja Jumapili, katika maneno akaniita mjane. Nikamwambia arudishe neno lake alikolitoa. Mimi nina mume. Ninalolijua nalijua, na usiniulize.

Dada yako,
Saandia

*

Mutsamudu, 19 Machi 1988

Dada,

Salamu, na Oumi anywe asali na ndimu, si dawa za duka. Hapa wote wazima. Ukuta bado, Idi nayo inakuja mbio.

Maneno yako nimeyameza. Yana mifupa, lakini nimeyameza. Ila na mimi nina yangu. Wewe na marehemu kaka mlisomeshwa. Mimi wa miaka kumi na mbili nilikuwa chini ya gari la Mhindi pale Unguja, grisi mpaka kwenye kope. Sikulia. Nimejisomesha kwa chuma. Chuma ndicho nilicho nacho. Chuma hakikumkamata mtu, dada, waliomkamata wana miguu na majina. Nikianza kukataa kila kilichoguswa na wale, nitakataa bandari, nitakataa barabara, nitakataa hata unga.

Basi. Injini nimeifungua. Pistoni zinaokoka, kabureta limejaa mchanga, ila kichwa cha injini kimepasuka ufa wa kidole kutoka silinda ya tatu hadi ya nne. Ufa ule unatoka kwa jambo moja tu: mtu kaendesha mlimani rejeta kavu. Nimemlaani dereva yule asubuhi na jioni, mimi na spana zangu, mpaka Rahmati akaniambia nipumzike, malaika wamechoka kuandika.

Kisha Mungu si Athumani, dereva mwenyewe kajileta! Anaitwa Moindjié, mwenyeji wa hapa hapa, alikuwa askari huko kwenu, siku hizi ni mpagazi bandarini. Kapita njiani, kaona pua ya lori juu ya ukuta uliobomoka, kasimama kama aliyeona jini.

"Hilo lingali hai?" akauliza.

"Limekufa. Kuna mpumbavu kaliendesha bila maji."

"Mpumbavu huyo ni mimi," akasema. "Niruhusu nikusaidie kulitengeneza."

Nikamtazama. Ana kama miaka thelathini, mpole, anavua viatu hata kuingia uani. Dada, anajua lori lile kama mama anavyojua mtoto. Gia ya pili inagoma. Anaipiga teke sehemu moja tu, inaingia. Anakuja kila alasiri. Hataki malipo, anataka kahawa. Hayati naye ghafla amegundua kuwa kahawa hupikwa alasiri. Mimi naona, nakaza nati.

Mbao, dada. Nisikumbushe.

Idarousse

*

Moroni, 11 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Mfungo huu hapa, tuombeane. Mbao nimezipata kwa seremala wa huku, tatu, za mti mgumu, nimezipima mwenyewe kwa futi ya vitambaa mpaka akakasirika. Zinakuja na boti ya Alhamisi, juu yake nimefunga doti mbili za khanga, moja ya Rahmati, moja ya Hayati mpika kahawa. Huyo kijana ana wazee? Muulize kabla kahawa haijawa chungu.

Ulilosema kuhusu chuma nimelifikiria. Sikubali, lakini nimelifikiria.

Mzé alirudi, safari hii na kadhi. Kadhi mtu mwema, alikunywa chai yangu yote. Akasema mke wa mtu aliyepotea anapewa miaka minne, kisha anafunguliwa, awe na hiari yake. Machi ijayo ni miaka minne. Mzé akakohoa, akasema yuko mfanyabiashara mmoja ameshauliza. Ameshauliza! Kama naulizwa bei ya jora.

Nikamwambia kadhi: "Sheria yako hiyo ni ya mtu aliyepotea. Wangu hajapotea."

"Yuko wapi, bibi?"

Nikainua sinia la vikombe. Kuna mambo yakisemwa yanakatika. Usinitumie wewe nawe maneno ya subira, nimeshiba.

Futari njema.
Saandia

*

Mutsamudu, 3 Juni 1988

Dada,

Salamu. Samahani kwa kimya, ni mfungo, kisha Idi, kisha kazi. Khanga zimependwa. Ukuta umerudi, lori limebaki ndani, sasa hata nikitaka kulitoa itabidi nibomoe tena.

Mbao zimefika nzima. Zinaingia sawasawa. Kichwa cha injini kimechomelewa, volti ni sita, plagi mpya.

Nilitaka kukuuliza. Bati la jikoni kwako, upande wa kisima, linavuja?

Nijibu ukipata nafasi. Oumi hajambo?

Idarousse

*

Moroni, 13 Juni 1988

Idarousse! Idarousse!

Sina salamu leo, utaniwia radhi. Nani kakwambia habari ya bati?

Linavuja, ndiyo. Linavuja tangu mwaka ule. Usiku wa kuamkia siku aliyochukuliwa tulibishana mimi na Baba Oumi juu ya bati lile, mimi nasema limetoboka, yeye anasema ni msumari. Hakuwapo mtu wa tatu. Oumi alikuwa amelala. Sijamsimulia kiumbe, maana nilimwambia neno kali, na ndilo lililokuwa la mwisho. Wewe umelipata wapi, kama si kinywani mwake?

Umemuona! Au umemuona aliyemuona. Wamemleta huko? Yuko Mutsamudu? Usinifiche kwa plagi na volti, mdogo wangu, nakujua tangu unatambaa. Unaogopa kuandika. Basi mimi nitaandika, kwa kuwa sasa najua sikuwa na wazimu.

Kila Ijumaa napika. Wali wa nazi, mataba, majani ya muhogo yaliyotwangwa sana kama anavyopenda, na samaki. Natia kwenye bakuli langu jeupe lenye kifuniko, najipamba, naenda langoni kwenye ile kambi walikompeleka. Kuna askari mmoja wa kwetu, kijana, hajaniambia jina. Siku ya kwanza aliniambia: "Mama, ulete, nitampelekea. Ila ukimwambia mtu yeyote, basi." Anachukua bakuli, anaingia, mimi nakaa kivulini ukutani. Baada ya muda anatoka, bakuli tupu, anasema: "Amekula. Anakusalimu." Siku nyingine: "Anasema upunguze chumvi." Na kweli siku ile nilizidisha! Ningekuwaje mjane, Idarousse? Mjane gani anarudishiwa bakuli tupu?

Ndiyo maana nilinyamaza kwa Mzé na kwa kadhi na kwako. Nilichelea lisikatike.

Na sasa ananitumia habari ya bati. Ina maana amenisamehe. Niandikie yuko wapi. Niandikie leo, mpe mtu wa ndege, usingoje boti.

Dada yako mwenye furaha,
Saandia

*

Mutsamudu, 2 Julai 1988

Dada yangu,

Mwite jirani yako Mariamou aje akae nawe. Usiendelee kusoma mpaka awe amekaa.

Nimechelewa kwa kuwa niliandika hii nikaichana, nikaandika nikaichana. Barua yako imenipiga mahali ambapo sikujua mtu hupigwa. Kama ungaliniambia habari ya bakuli mapema, nisingaliuliza swali lile kijinga namna ile. Lakini na mimi kama ningalikuambia nilichokisikia mwezi wa Mei, usingaliandika barua ile. Basi tumekosana sawasawa.

Sijamuona Baba Oumi. Hakuna aliyemuona. Nakueleza kama nilivyoelezwa, sikuongeza wala sikupunguza.

Baada ya Idi tulikuwa juu ya bodi, mimi na Moindjié, tunang'oa mbao za muembe tuweke zako. Nikasema tena, kama ninavyosema kila siku, nani mjinga alizitoa za asili akatia takataka hizi.

"Za asili nilizitoa mimi," akasema.

"Kwa kazi gani?"

"Zilikuwa viunza."

Nikadhani ananitania. Nikamwambia mbao za lori si za kufunikia maiti. Hakucheka. Akakaa ukingoni mwa bodi, akasema.

Machi ya mwaka ule, jua limekwisha kutoka, alipakizwa wafungwa wanne awapandishe kituo kingine mlimani juu ya Moroni. Mmoja alikuwa hawezi kusimama, walimwingiza kama gunia. Moindjié alikuwa haendeshi mbio, kwa ajili yake. Njiani akasimama, akamnywesha maji. Yule mtu akamuuliza: "Wewe wa Ndzuani? Nakusikia ulimi." Akasema ndiye, wa huku kisiwani. "Mimi Mikidache, wa posta. Mke wangu yuko Volo Volo, kwenye vitambaa. Mwambie alikuwa na haki: bati la jikoni limetoboka upande wa kisima. Asiningoje mimi, aite fundi." Alilisema hilo tu, dada. Hakusema jingine. Walipofika kona ya pili alikuwa amekwisha.

Mzungu aliyekaa mbele alishuka, akatazama, akasema kwa Kifaransa atupwe korongoni. Kisha akatembea kurudi kwenye gari lililokuwa likiwafuata, akavuta sigara, nalo likageuka likateremka mjini. Moindjié na askari mwenziwe hawakumtupa. Maji yaliyokuwapo ni ya madumu mawili ya rejeta, hayakutosha, wakafungua rejeta yenyewe wakaikinga mpaka tone la mwisho. Walimuosha. Sanda ilikuwa shuka ya Moindjié. Pale ni mawe matupu, wakachimba walivyoweza kwa mitaimbo ya lori, wakamlaza kibla, wakang'oa mbao tatu za bodi wakakata, wakamfunika. Wakamsalia, wao wawili na wafungwa watatu waliofungwa mikono. Ni pembeni ya shamba la vanila, kuna jiwe kubwa limepasuka katikati. Mahali anapajua.

Kisha wakapanda mlima rejeta kavu. Ndio ule ufa, dada. Asubuhi na jioni nimemlaani mtu kwa maji ambayo yalimuosha shemeji yangu.

Wiki iliyofuata alihamishiwa huku na lori lake. Ujumbe hakuuleta, aliogopa, na hilo hajitetei. Utaniuliza: alikuwa anakunywa kahawa kwetu tangu Machi, anasikia tunamuombea Baba Oumi, kwa nini hakusema? Kwa sababu hakuna aliyewahi kulitaja jina lake humu ndani. Wewe humtaji kwa kuwa ni mumeo. Mimi simtaji kwa kuwa ni mkubwa wangu. Rahmati na Hayati hawamtaji kwa heshima. Moindjié alimzika Mikidache, akaja kuketi nyumbani kwa ndugu wa Baba Oumi, asijue ni mtu mmoja. Na mimi niliposikia "Mikidache wa posta" spana ilinitoka mkononi. Nikataka kuhakikisha. Ndiyo sababu ya swali la bati. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza jingine.

Huyo wako wa langoni, sijui nimwiteje. Nilianza kuhesabu Ijumaa zako, nikaweka kalamu chini.

Choma hii. Kuna shingo ya mtu ndani yake.

Idarousse

*

Mutsamudu, 21 Julai 1988

Dada,

Boti mbili zimefika bila neno lako. Mama wa mikeka anasema kibanda chako sokoni kimefungwa. Niambie tu kwamba unakula.

Lori nimeliacha kama lilivyo, limebaki kufungwa springi ya nyuma. Ukisema nilivunje, nitalivunja kwa mikono niliyolijengea, na chuma nitakitumbukiza baharini kipande kipande. Moindjié nimemwambia asije. Jambo nililokuwa sijakuandikia: siku ya Idi alimposa Hayati, nami nilikubali. Hayati anajua yote sasa. Hali chakula. Nangoja wewe. Wewe ndiye mkubwa wetu.

Idarousse

*

Moroni, 6 Agosti 1988

Idarousse mdogo wangu,

Nakula. Mariamou ananilisha kama kifaranga. Oumi nimemwambia mwenyewe; alilia siku moja, kisha akaniambia alikuwa akijua, alikuwa ananingoja mimi. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa ananitunza mimi.

Nilikwenda kwa kadhi. Sikumtajia mtu wala lori, nilisema tu: mume wangu alifariki mwaka ule, mwezi ule, akaoshwa, akasaliwa, nimepata shahidi. Nikamuuliza nianze eda lini. Nilikuwa nimekwisha kukunja nguo za rangi na kuziweka sandukuni. Akainamisha kichwa, akasema: "Bibi, eda inahesabiwa tangu kifo, si tangu khabari. Miezi minne na siku kumi zako zilipita mwaka ule ule. Huna deni la eda. Wewe ni mtu huru tangu zamani."

Idarousse, zilipita! Zilipita nikiwa na hina mikononi. Zilipita najifukiza udi kila Ijumaa kwenda langoni. Mwanamke mwenzangu akifiwa hupewa chumba, hupewa kimya, watu huingia na kutoka wakimtaja marehemu; mimi changu kilipita juu ya kichwa nikiwa natwanga mataba. Nikamwambia kadhi sheria nimeisikia na nimeikubali. Lakini nitakaa. Sitakaa kwa sheria, nitakaa kwa sababu sikukaa. Akafikiri, akasema hakuna anayemkataza mtu kubaki nyumbani kwake.

Kabla sijakaa nataka kupaona. Njoo na boti ya Jumatano ijayo, uje na Moindjié. Akiogopa, mwambie nami naogopa. Tutakwenda kama watu wa kununua vanila, nina mizani. Akishanionyesha lile jiwe, hana wa kumwogopa upande wetu. Ujumbe wangu aliuweka miaka mitatu na nitamwambia usoni kuwa alinidhulumu. Kisha nitamshika mkono. Aliyemimina maji ya gari lake akamuosha mume wangu, mimi siwezi kusimama mlangoni kumzuia asioe kwetu. Hayati asiache kula kwa ajili yangu. Harusi ingoje mpaka nitoke ndani, ndilo ninalotaka.

Lori funga springi yake. Libebe karafuu. Nilitaka uliangamize, nilifika hadi kuandika hivyo, nikaona nitakuwa nimewaachia wale kila kitu, hata chuma.

Sasa la langoni. Nimeliacha mwisho kwa kuwa sijui niliweke wapi.

Baada ya barua yako wiki tatu sikwenda. Jana ilikuwa Ijumaa. Niliamka, nikachukua bakuli, nikatia ndani mawe mawili ya pwani nimeyafunga kitambaa yasigonge. Sikupika kitu. Nikafunika. Nilitaka kuyaona macho yake. Nilikuwa na maneno yote tayari, Idarousse, matusi niliyoyasikia utotoni Unguja ambayo hata wewe huyajui.

Yule kijana aliniona kwa mbali, akasimama haraka. "Mama, ulikuwa mgonjwa? Ameuliza." Nikampa bakuli. Akalipokea kwa mikono miwili kama kawaida, akaingia. Nikakaa kivulini. Nilikuwa nasikiliza apige kelele, atoke anitupie mawe yangu, anifukuze. Mwizi wa wali akikuta mawe atafanya nini kingine?

Alikawia kuliko siku zote. Akatoka. Bakuli lilikuwa tupu na lilikuwa limeoshwa, bado lina maji. Hakunitazama. Midomo ilikuwa ikimcheza kama mtoto aliyekamatwa. Akasema:

"Amekula, mama. Amekula wote. Anakusalimu sana."

Matusi yangu yote sikuyaona yalikokwenda. Sijui mpaka saa hii kama miaka yote ile alikuwa anakula chakula changu au alikuwa ananibeba mimi nisianguke, au alianza kwa hili akaishia kwa lile. Nilipokea bakuli. Nikamwambia:

"Msalimu na yeye."

Dada yako,
Saandia